Nahamia Dar upande wa bahari: nipange wapi, na kile kiwanja cha ufukweni tununue?

SWALI

Mbukwenyi washauri wetu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Ilazo hapa Dodoma. Nimepata uhamisho wa kikazi kwenda Dar es Salaam na natakiwa kuripoti Januari. Ofisi yenyewe iko Mikocheni. Mume wangu anabaki kwa sababu kazi yake iko Mtumba, atakuwa anatufuata mwisho wa wiki. Tutakaokwenda ni watano: mimi, watoto, mama mkwe na dada wa kazi. Mtoto mkubwa yuko darasa la tano, mdogo darasa la pili, na huyu mdogo ana pumu.

Kila ninayemuuliza ana lake. Mwenzangu kazini anasema niende Kigamboni, kuna hewa na nafasi. Mjomba anasema Mbezi ndiko kuzuri, lakini nikitafuta nyumba za Mbezi naona nyingine ziko jirani na stendi ya mabasi ya mikoani na nyingine ziko baharini, sielewi inakuwaje. Wengine wananiambia Bunju, kodi ni nafuu. Uwezo wetu ni shilingi 600,000 kwa mwezi, isizidi hapo.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Shemeji yangu anayeishi huko ametutafutia kiwanja Ununio, mita 20 kwa 30, kimepakana na ufukwe. Tulikwenda kukiona mwezi wa Agosti, tukafika kama saa 4 asubuhi. Bahari ilikuwa mbali kabisa, mchanga mweupe umetandaa mbele ya kiwanja, mume wangu akapenda hapo hapo. Muuzaji ana karatasi ya serikali ya mtaa, anasema hati tutafuatilia wenyewe. Anataka nusu ya bei kabla ya Krismasi kwa sababu eti kuna mteja mwingine. Tumeshampa milioni mbili za kushikilia. Mume wangu anataka tuuze kiwanja chetu cha Nzuguni, ambacho kina hati, ili tukamilishe. Mimi moyo unasita, ila sina hoja ya kumpa maana bahari yenyewe nimeiona mara tatu tu maishani. Naomba mnieleze maeneo hayo yakoje, nipange wapi, na kiwanja tufanyeje.

Mama wa Ilazo, Dodoma

JIBU

Mbukwa dada. Tuanze na lenye haraka. Kiwanja cha Nzuguni msikiuze, na shemeji asimwongezee muuzaji hata shilingi moja mpaka mmalize kusoma barua hii pamoja na mume wako. Hoja unayoitafuta ipo ndani ya maelezo yako mwenyewe, kwenye ile saa 4 asubuhi. Tutaifikia.

Kuhusu kupanga: tafuta nyumba kati ya Kawe na Africana, upande wa juu wa Barabara ya Bagamoyo, yaani ule usioelekea bahari. Usipopata ya bei yako, sogea Salasala au Goba. Kigamboni na Bunju ni maeneo mazuri kwa watu wengine. Kwa mtu anayeingia ofisini Mikocheni kila asubuhi na ana mtoto wa darasa la pili, ni mbali mno.

Sasa ramani. Dodoma umezoea mji ambao barabara zinatoka katikati kwenda pande nne: Dar, Iringa, Arusha na Singida, na nje yake kuna barabara ya mzunguko ya kilomita 112.3. Njia moja ikifunga, unazungukia nyingine. Mwambao wa kaskazini wa Dar hauna nafasi hiyo. Upande mmoja kuna bahari, kwa hiyo nusu ya njia ambazo zingekuwepo hazipo. Maisha yote yamening'inia kwenye uti mmoja wa mgongo, Barabara ya Bagamoyo. Ukitoka mjini unakutana kwanza na Oysterbay na Masaki kwenye rasi ya Msasani, kisha Mikocheni, Kawe, Mbezi Beach, Kunduchi, Tegeta, Boko na Bunju, na baada ya hapo unaingia Mkoa wa Pwani, Wilaya ya Bagamoyo. Ununio na Mbweni ziko chini ya Tegeta na Boko, ukingoni kabisa mwa bahari. Hayo yote ni Wilaya ya Kinondoni. Kigamboni ni wilaya nyingine, ng'ambo ya mlango wa bandari, kusini.

Mbezi ziko mbili, ndiyo maana umechanganyikiwa. Mbezi Beach iko Barabara ya Bagamoyo. Mbezi ya pili, wenyeji wanaita Mbezi Luis au Mbezi Mwisho, iko Barabara ya Morogoro, na ndiko kilipo Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichofunguliwa mwaka 2021. Zinaunganishwa na barabara ya lami inayopita Goba na kutokea Tangi Bovu. Tangazo likisema "nyumba Mbezi" bila neno Beach, uliza kituo cha daladala kilicho karibu. Ukijibiwa Tangi Bovu, Makonde au Africana, ni kwenu. Ukijibiwa Kimara, Temboni au Kwa Msuguri, uko barabara nyingine kabisa. Barabara hiyo ya Goba itamfaa sana mume wako. Akija kwa basi anashuka Mbezi Luis, anapitia Goba na kufika nyumbani bila kuingia katikati ya mji. Akija kwa treni ya SGR anashukia kituo cha treni, nacho kinaitwa Magufuli lakini si kile cha mabasi, kiko katikati ya mji, kisha anapanda kuelekea Mwenge. Treni inaokoa saa nyingi njiani, lakini kipande cha kutoka kituoni hadi Mbezi Beach jioni ya Ijumaa asikidharau.

Kipimo cha umbali huku si kilomita. Kutoka Mwenge hadi Tegeta ni karibu kilomita 13, ambazo usiku wa manane hazifiki robo saa. Saa 12 na nusu asubuhi ni habari nyingine, na mvua ikinyesha ni nyingine tena. Njia ya mwendokasi, awamu ya nne, imepangwa kufuata barabara hii hadi Tegeta, kwa hiyo uliza hali ya ujenzi na ya usafiri ilivyo wiki unayohamia. Kabla ya kulipa kodi fanya jaribio hili: lala kwa ndugu karibu na nyumba unayoitaka, siku ya kazi, Jumatatu ikiwezekana. Toka mlangoni saa 12 kamili, nenda Mikocheni kwa usafiri utakaoutumia kweli, andika dakika. Jioni toka ofisini saa 11 urudi, andika tena. Hesabu pia umebadilisha gari mara ngapi. Kubadilisha Mwenge wakati wa msongamano, na begi la mtoto mkononi, kunachosha kuliko hizo kilomita zenyewe. Kutoka Kawe au Tangi Bovu una bahati ya kuwa na njia ya pili, Barabara ya Mwai Kibaki, ambayo wengi bado wanaiita Bagamoyo ya zamani. Inapita Kawe na kuingia Mikocheni kwenyewe. Kuanzia Tegeta kuelekea Bunju njia hiyo ya akiba huna.

Shule itafutwe karibu na nyumba, isiwe karibu na ofisi. Mtoto akisoma mbali, basi la shule litamchukua alfajiri kabla hata hamjaamka vizuri, na mwenye pumu anahitaji usingizi wake.

Kigamboni kwa ufupi. Unavuka kwa pantoni kati ya Kigamboni na Magogoni, au kwa Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016. Daraja linalipiwa ushuru na linakutoa Kurasini, si Posta, kwa hiyo kufika Mikocheni itakubidi ufuate Barabara ya Mandela hadi Ubungo, kisha Mwenge. Anayefanya kazi Posta, bandarini, Kurasini au Temeke anaweza kuishi Kibada au Mjimwema kwa raha kabisa. Wewe utakuwa unaukata mji mzima mara mbili kwa siku.

Tukirudi kwenye nyumba, sehemu inayowapoteza wengi wanaotoka bara ni ardhi. Sisi wa Dodoma tunajua korongo: mvua inanyesha, maji yanakuja kwa kishindo, baada ya saa chache mchanga umekauka. Pwani maji hayaondoki hivyo. Eneo ni tambarare na liko mita chache tu juu ya usawa wa bahari, na maji ya chini ya ardhi yako karibu na uso. Masika ya Machi hadi Mei yakikolea, ardhi inakuwa imeshajaa, mvua inayofuata haina pa kuzama. Mito midogo inayopaswa kuitoa, kama Mlalakuwa, Mbezi na Tegeta, imebanwa na majengo. Bahari ikiwa imejaa wakati huo huo, maji ya mto yanasimama mdomoni yakisubiri. Nyumba inaweza kukaa na maji wiki kadhaa. Boko Basihaya inajulikana kwa hilo, na Msasani Bonde la Mpunga jina lake limekwishakuambia kila kitu. Heshimu majina ya zamani ya mitaa: palipoitwa bonde, mtoni au ziwani, waliopaita walikuwa na sababu.

Utahamia Januari, wakati wa jua, na kila nyumba itaonekana kavu. Kwa hiyo soma alama. Angalia ukuta wa uzio kwa nje, chini, kama kuna mstari wa rangi iliyobadilika unaokwenda sawa kwa urefu mmoja: hapo ndipo maji yalipofika. Tazama mageti ya majirani. Wakiwa wamejenga tuta la zege mlangoni au wameinua kizingiti tofali mbili, hawakufanya hivyo kwa urembo. Viroba vya mchanga vilivyosahaulika pembeni, soketi za umeme zilizohamishwa juu, rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini tu ya chumba: vyote hivyo ulizia. Na usimuulize dalali. Muulize muuza genge wa pale kona, au kijana wa bodaboda, swali moja tu: "Masika yaliyopita mlikuwa mnapitia wapi?" Akikuonyesha njia ya kuzunguka, umeshapata jibu.

Hiyo ndiyo sababu tumesema upande wa juu wa barabara. Wenyeji wanaita chini upande unaoelekea bahari na juu upande unaoelekea Goba na Salasala. Kodi hupanda kadiri unavyosogea chini, na mara nyingi unalipia jina na upepo. Juu kuna miinuko, maji ya mvua yanatiririka. Kasoro ya juu ni barabara za ndani: nyingi ni za vumbi zenye mteremko mkali, na mvua huzichimba mifereji. Nyumba isiwe mbali na lami kiasi cha kumtegemea bodaboda kila siku, maana mama mkwe hatazoea.

Maji ya bomba ya ukanda huu yanatoka mtambo wa Ruvu Chini, wenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, na bomba lake linakuja kwa njia ya Bagamoyo. Ukame ukiingia, Mto Ruvu ukashuka, mji wote unabana. Oktoba 2022 Dar ilitangaziwa mgao kwa sababu hiyo hiyo. Watu watano, kwa matumizi ya lita 60 kila mmoja, wanamaliza lita 300 kwa siku, yaani madumu 15. Simtanki la lita 2,000 linawatosha siku sita na kidogo. Usikubali nyumba yenye tanki dogo kuliko hilo, na hakikisha kuna pampu inayofanya kazi, kwa sababu mgao ukirudi presha huwa ndogo, maji hayapandi juu yenyewe. Mwambie mwenye nyumba aiwashe mbele yako.

Ukiambiwa "hapa kuna kisima, maji hayakatiki", usifurahi mapema. Maji ya chumvi Dodoma tunayajua, yanapata chumvi kwenye mwamba na hubaki vile vile miaka yote. Ya pwani yanabadilika. Chini ya ardhi maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari. Wataalamu hukadiria kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na kama mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kisima kikivutwa kupita kiasi na maji yakashuka mita 1 tu, mpaka wa chumvi unapanda kwa kipimo hicho hicho cha mara 40. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu miaka kumi iliyopita leo kinaharibu hita. Yajaribu maji hayo kwa sabuni ya kipande: yasipotoa povu ni ya kufulia kwa shida, ya kunywa sahau. Angalia na mdomo wa bomba la bafuni. Ukikuta ukoko mweupe au kutu ya kijani, bajeti yako iongeze maji ya kununua.

Kisima kikiwepo uliza karo liko wapi. Sehemu kubwa ya mwambao haina mtandao wa maji taka, kila nyumba ina shimo lake. Kati ya karo na kisima pawe na angalau mita 30, na ardhi ya mawe ya matumbawe, kama iliyopo sehemu nyingi za Kunduchi na rasi ya Msasani, inapitisha uchafu haraka zaidi kuliko udongo mwekundu wa kwetu. Uliza pia karo hunyonywa mara ngapi kwa mwaka. Likinyonywa kila mwezi wakati wa masika, maji ya ardhini yanaingia humo na wewe ndiye utakayelipia gari la maji taka.

Kuhusu kifua cha mtoto. Hewa ya Dodoma ni kavu, ya pwani imejaa unyevu, na unyevu unaleta ukungu ukutani na kwenye magodoro, ambao ni adui wa mwenye pumu. Usichukue chumba kinachonuka uvundo hata kama kimepakwa rangi jana. Tafuta nyumba yenye madirisha pande mbili zinazotazamana. Upepo wa kaskazi unavuma kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, wa kusi kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, na pepo zote mbili zinakuja zikitokea upande wa mashariki. Chumba chenye dirisha la mashariki kitapumua, chenye dirisha la magharibi tu kitakuwa tanuri mchana na jasho usiku. Kabati lisibandikwe ukutani, acha upana wa kiganja nyuma yake. Godoro litolewe juani kila wiki. Kabla hamjaondoka, mpeleke mtoto kwa daktari wake mpate dawa za kutosha na barua ya historia ya ugonjwa, maana mabadiliko ya hewa yanaweza kumsumbua wiki za mwanzo. Na dengi: Dar ilipata milipuko mwaka 2014 na 2019. Mbu wake anauma mchana na huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama, kwa hiyo simtanki lifunikwe, na ndoo za akiba pia. Chandarua cha usiku peke yake hakimzuii huyo.

Samani nzito za mbao zilizokauka kwa hewa ya Dodoma zitavimba, droo zitabana. Chukueni vitanda, makabati makubwa yaacheni.

Sasa kiwanja.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila badiliko likichukua saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Katikati ya vipindi hivyo, tofauti ni ndogo, nayo huitwa maji mafu. Dar, siku za bamvua, maji hupwa kabisa majira ya saa 4 au 5 asubuhi na kujaa kabisa saa 10 au 11 jioni. Wewe ulipelekwa saa 4 asubuhi, ukaona bahari mbali na mchanga umetandaa. Mchanga ule ulioupenda ni sakafu ya bahari. Mngebaki mpaka jioni, mngeona maji yanapofika.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya shemeji haina gharama. Aangalie mwezi mpevu au mwandamo unaofuata, aende Ununio na futi kamba ya mita 50 saa 10 jioni, asubiri maji yafike mwisho, achomeke kijiti, apime kutoka hapo hadi mpaka wa mbele wa kiwanja na hadi mpaka wa nyuma. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, na hata kingo za mito. Kiwanja chenu kina urefu wa mita 30. Kama kweli kimepakana na ufukwe kama ulivyoeleza, basi chote, mpaka ukuta wa nyuma, kimo ndani ya hizo mita 60. Mtakuwa mmenunua mahali pa kuegeshea viti, si pa kujenga. Kuwepo kwa nyumba za majirani hapo hakuhalalishi yenu. Aangalie pia kama kuna mikoko, hata michache au visiki vyake. Mikoko ni msitu wa hifadhi kisheria, na anayekuuzia eneo la mikoko anakuuzia mali ya umma.

Halafu kuna ulaji wa fukwe. Ufukwe unaishi kwa kulishwa mchanga, na mchanga huo unaletwa na mito. Kwa miaka mingi mchanga wa mito ya Tegeta na Mbezi umechimbwa kwa ajili ya ujenzi, kwa hiyo bahari inachukua na mto hauleti. Mwambao wa Kunduchi umeliwa tangu miaka ya 1970, na hoteli ya Africana, ambayo jina lake ndilo hilo la kituo cha daladala, ni miongoni mwa majengo yaliyoathirika. Mwenye kiwanja akijenga ukuta wa mawe kuzuia, mawimbi yanapiga ukuta na kuchimba mchanga wa chini yake, kisha yanahamia kwa jirani asiye na ukuta. Uliza nani kajenga ukuta karibu na hicho kiwanja na lini. Ukiukuta upo upande mmoja, ninyi ndio jirani mnaofuata.

Karatasi ya serikali ya mtaa inathibitisha kwamba watu fulani walikubaliana mbele ya mwenyekiti. Haithibitishi kwamba muuzaji ana haki ya kuuza. Ninyi wa Dodoma mmezoea viwanja vilivyopimwa enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na baada yake, mkaona karatasi zinafanana. Hazifanani. Mwombeni muuzaji namba ya kiwanja, kitalu, na nakala ya ramani ya upimaji. Akiwa nayo, nendeni ofisi ya ardhi ya Manispaa ya Kinondoni kuona mchoro wa mipango miji umepanga nini hapo: makazi, hoteli, au eneo la wazi. Kisha ombeni upekuzi kwa Msajili wa Hati mjue jina lililoandikishwa, na kama kuna mkopo au zuio. Vyote vikiwa safi, mauziano ya kiwanja chenye hati hupitia fomu namba 29, 30 na 35, mbele ya wakili, na mwenza wa muuzaji naye akisaini ridhaa. Asipokuwa na namba ya kiwanja, hakuna cha kupekua, na "hati mtafuatilia wenyewe" maana yake ni kwamba mnanunua foleni.

Mambo ya mipango si nadharia. Kigamboni mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya, watu wakazuiwa kuendeleza maeneo yao kwa miaka, wengine wakiwa na nyumba nusu zimesimama.

Kodi ya nyumba nayo ina taratibu zake. Dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi wanataka miezi sita kwa mkupuo. Kwa 600,000 hiyo ni milioni 3.6 pamoja na 600,000 ya dalali, kabla hujabeba hata sufuria. Usilipe kabla ya kuonana na mwenye nyumba mwenyewe na kuona kitambulisho chake kinalingana na jina la kwenye bili ya maji. Ingiza Luku ya elfu moja papo hapo uone kama inakubali na kama kuna deni linalokatwa. Mita iwe yako peke yako. Kushiriki mita na wapangaji wengine ni ugomvi wa kila wiki. Sainini mkataba wa maandishi wenye tarehe ya kuingia, kiasi, na nani anatengeneza pampu na karo vikiharibika.

Zile milioni mbili, shemeji azifuatilie kwa utulivu, asigombane. Kama hamkuandikiana, amtumie muuzaji ujumbe wa simu unaotaja kiasi, tarehe na kiwanja, ili ajibu kwa maandishi. Baada ya kupima siku ya bamvua na kupita ofisi ya ardhi, amrudie mbele ya mwenyekiti wa mtaa na matokeo hayo mkononi, amwombe arejeshe, hata kwa awamu mbili, na kila awamu isainiwe. Mume wako naye aende siku hiyo hiyo ya kupima. Apande treni ya asubuhi, saa 10 jioni awe Ununio amesimama pale pale mliposimama Agosti.